Zuhura ni ardhi, basi inawakaje?

"Assalaam alaikum. Mimi ni mvuvi wa Lamu, sasa nimepumzika kwa sababu ya umri. Nina mjukuu wa kike aitwaye Zuhura, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe kwa ajili ya ile nyota kubwa ya alfajiri iliyokuwa mbele yetu tulipokuwa tukitoka kwenda kuvua. Juzi amerudi kutoka shule akaniambia kuwa mwalimu amewafundisha kwamba Zuhura si nyota bali ni sayari, ni ardhi ya mawe kama hii tunayoikanyaga, na kwamba kuna joto la kuyeyusha risasi. Mtoto amehuzunika, na mimi nimetatizika. Najua kwa macho yangu kwamba ile inawaka, tena inawaka kuzishinda zote. Ardhi inawakaje? Pia kuna miezi iko alfajiri, kuna miezi iko jioni, na kuna siku haionekani kabisa. Je, ni moja au ni mbili? La mwisho, vijana wamenionyesha katika simu ujumbe unaosema sayari zote zitajipanga mstari mmoja, na bahari itapanda kuliko bamvua yoyote tuliyoizoea. Mashua yetu iko dikoni. Tuivute juu? Nataka kumjibu mtoto neno la kweli."

Wa alaikum salaam, mzee wangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu limetoka kwa mtu ambaye ameitazama mbingu miaka mingi kuliko wengi wetu tunaoisomea vitabuni. Naona mambo matatu yanakusumbua: mashua, mwanga, na ile safari ya Zuhura kutoka alfajiri kwenda jioni. Naanza na mashua, kwa kuwa ndiyo yenye haraka.

Usiivute mashua kwa ajili ya sayari. Bahari hupanda na kushuka kwa kuvutwa na mwezi kwanza, kisha na jua, na nguvu ya jua katika kazi hii haifiki nusu ya ile ya mwezi. Wewe umeishi kwa kanuni hiyo maisha yako yote: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, nanyi mkapata bamvua, mwezi ukiwa nusu, kila kimoja huvuta upande wake, nanyi mkapata maji mafu. Sayari nazo huvuta, sitakuficha, lakini uvutaji unaopandisha maji hupungua haraka mno kadiri kitu kinavyokuwa mbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo hupungua mara nane. Zuhura ndiyo sayari inayotukaribia kuliko zote, na hata inapofika karibu kabisa huwa bado iko umbali wa kilomita milioni 40 hivi, takriban mara mia moja ya umbali wa mwezi. Ukipiga hesabu utaona kwamba mahali ambapo mwezi hupandisha maji mita mbili, Zuhura huongeza unene wa karatasi moja. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, huongeza kidogo hata kuliko hapo, kwa sababu iko mbali sana. Hata zikijipanga zote siku moja, mvuvi aliyesimama majini pale Shela hawezi kuhisi tofauti yoyote mguuni.

Hilo neno "kujipanga" ndilo linalowatisha watu, nalo linastahili kuelezwa. Sayari zote, pamoja na dunia yetu, zilitokana na sahani moja kubwa ya gesi na vumbi iliyolizunguka jua changa miaka ipatayo bilioni 4.6 iliyopita. Kwa kuwa zilizaliwa katika sahani moja, hadi leo zinazunguka karibu katika usawa mmoja, na sisi tulio ndani ya usawa huo huziona zikipita katika utepe mwembamba wa mbingu, uleule ambao jua na mwezi hupita. Kwa hiyo sayari mbili, tatu au tano zikionekana usiku mmoja, lazima zionekane kama zimepangwa. Tazama utepe huo usiku wowote na utaona kwamba hakuna sayari inayoutoka na kwenda zake kaskazini kabisa au kusini kabisa. Kuziona nyingi kwa pamoja ni jambo la kupendeza macho, na baharini halina athari.

Lakini sikuambii kwamba mashua iko salama siku zote. Kinachopandisha maji kupita kiasi mnakijua wenyewe, nacho ni bamvua ikikutana na upepo mkali wa kusi unaosukuma maji pwani, au bamvua inayoangukia siku ambazo mwezi umekaribia dunia kuliko kawaida yake, hasa karibu na Machi na Septemba ambapo jua liko juu ya ikweta. Siku hizo zinajulikana mapema katika majedwali ya maji kujaa na kupwa, na upepo hutolewa katika utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa. Ukiwa na shaka juu ya mahali mashua ilipofungwa, mwite mtu wa kamati ya usimamizi wa ufuo au afisa wa uvuvi aje aitazame kwa macho, kwa maana mimi niliye huku Malindi siwezi kuliona diko lenu.

Sasa tuje kwenye mwanga, ambao ndio moyo wa swali lako.

Nataka ukumbuke jioni moja, saa kumi na moja na nusu, wewe uko Shela na jua limeinama upande wa nyuma yako. Mbele, mbali baharini, kuna mashua inarudi. Mwili wake huuoni, mabaharia huwaoni, lakini tanga lake unaliona likiwaka kama taa. Hakuna mtu aliyewasha moto ndani ya tanga lile. Ni nguo tu, nalo linalirudisha jua lililolipiga. Baadaye jua likizama, tanga linazimika palepale, ingawa mashua haijaondoka.

Zuhura ni tanga la namna hiyo. Imefunikwa pande zote na mawingu mazito meupe, na mawingu hayo hurudisha takriban robo tatu ya mwanga wa jua unaoyapiga. Linganisha na mwezi, ambao mawe yake ni meusi kiasi cha kurudisha kama sehemu moja tu katika kumi. Mwezi hutung'aria kwa sababu uko jirani, si kwa sababu ni mweupe. Zuhura ina weupe wa kweli, tena iko karibu na jua kuliko sisi, kwa hiyo hupigwa na mwanga mkali zaidi. Hapo ndipo unapotoka ule mng'aro uliokuongoza alfajiri. Hukukosea ulipoona inawaka. Macho yako yaliona mwanga, na mwanga ulikuwapo. Lililofichika ni kwamba ulikuwa mwanga wa jua ambalo kwenu lilikuwa bado halijachomoza.

Utauliza, tumejuaje kwamba haina moto wake yenyewe? Ushahidi uko wazi kwa yeyote mwenye darubini ndogo. Miaka kadhaa iliyopita niliweka yangu ufukweni hapa Malindi, Zuhura ikiwa chini upande wa magharibi, nikamwita kijana mmoja aliyekuwa akikunja nyavu. Aliinama, akatazama, akanyamaza, kisha akaniambia, "Mwalimu, umeielekeza mwezini." Nikamwambia ainue kichwa autafute huo mwezi. Akazunguka mbingu yote kwa macho asiuone, maana usiku ule mwezi ulikuwa haujatoka. Akainama tena, na safari hii alikaa muda mrefu. Alichokiona ni Zuhura yenyewe ikiwa na umbo la mwezi mwandamo, pembe mbili kali na upande mmoja wa giza. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliliona umbo hilo mwaka 1610. Kitu chenye moto wake huwa duara siku zote, kama taa ya chemli inavyoonekana ileile ukiizunguka. Kitu kinachomulikwa kutoka upande mmoja ndicho huwa na pembe.

Naomba hapa niliweke sawa neno lenyewe, ili usione kwamba mwalimu amekudharau. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, kila kinachong'aa usiku ni nyota, na si kosa kusema hivyo barazani. Wataalamu wamegawa tu. Nyota ni kitu chenye tanuri yake ndani, kama jua letu, ambalo ni nyota iliyo karibu. Sayari limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kitu kiendacho, msafiri. Ni kitu kinacholizunguka jua na kuazima mwanga wake. Nyota halisi hukaa mahali pake baina ya wenzake. Kilimia unachokijua wewe ndicho alichokijua babu yako, vinyota vyake vimekaa vilevile, na hurudi kwa msimu wake kila mwaka bila kukosa. Ndiyo maana wazee waliweza kusema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hakuna mkulima aliyepanda kwa kuifuata Zuhura, kwa sababu tarehe ileile mwaka huu na mwaka ujao haitaikuta mahali pamoja.

Kuna alama nyingine ya kuzitofautisha bila chombo chochote: nyota humetameta, sayari hutulia. Nyota ziko mbali mno hata huonekana kama ncha ya sindano, na hewa yetu inayochezacheza huiyumbisha ncha hiyo. Sayari ina upana kidogo, kwa hiyo mayumbo hayo hufutana. Usiitegemee alama hii kitu kikiwa chini kabisa karibu na upeo wa bahari, maana hapo hata Zuhura huchezacheza na kubadili rangi.

Sasa, je, ni moja au mbili? Ni moja, na ikiwa ulidhani ni mbili basi uko pamoja na Wayunani wa kale, ambao waliipa majina mawili, la asubuhi na la jioni. Mfanyie mjukuu wako jambo hili nyumbani. Weka taa katikati ya chumba, wewe kaa ukutani, naye aizunguke taa kwa karibu. Utamwona kuliani mwa taa, kisha atapita mbele yake, kisha kushotoni, kisha atapotea nyuma ya taa. Hata azunguke mara ngapi, hutageuza shingo kumtafuta mgongoni kwako. Zuhura inalizunguka jua ndani ya njia yetu, kwa umbali wa kilomita milioni 108 hivi ilhali sisi tuko kwenye milioni 150, kwa hiyo haiwezi kuachana na jua. Ikiwa upande mmoja, hulifuata jua linapozama, nasi tunaiita ya jioni. Ikiwa upande wa pili, hulitangulia linapochomoza, nasi tunaiita ya alfajiri. Nina hakika, mzee wangu, kwamba katika usiku wote uliolala baharini hujapata kuiona Zuhura utosini saa sita za usiku. Haijapata kufika huko.

Mzunguko mzima wa kuonekana kwake, kutoka jioni hadi jioni nyingine, huchukua siku 584. Hukaa jioni kwa miezi minane hivi, tena wiki za mwisho hushuka kwa kasi kila siku, kisha hupotea kwa siku chache inapopita kati yetu na jua. Ghafla huzuka alfajiri, nako hukaa miezi mingine minane, halafu hupotea kwa muda mrefu zaidi, karibu miezi miwili, inapopita nyuma ya jua. Zile siku ulizosema haionekani kabisa ni hizo, na ukizikumbuka vizuri utakuta kuna kupotea kwa muda mfupi na kupotea kwa muda mrefu.

Kuna jambo moja zaidi hapa, na nalipenda kuliko yote. Mizunguko mitano ya siku 584 ni karibu sawasawa na miaka minane, pakiwa na upungufu wa siku mbili tu na kitu. Kwa hiyo kila baada ya miaka minane Zuhura hurudi karibu mahali palepale katika tarehe ileile. Mjukuu wako anapotimiza miaka minane, au kumi na sita, siku hiyo Zuhura huwa karibu na pale ilipokuwa siku aliyozaliwa. Ukikumbuka ilikuwa wapi alfajiri ile, unaweza kumwonyesha.

Nije kwenye joto lililomhuzunisha. Mwalimu wake amesema kweli. Risasi, hiyohiyo unayoitia kama chubwi katika mshipi, huyeyuka katika joto la nyuzi 327 za selsiasi. Juu ya Zuhura joto ni kama nyuzi 465, mchana na usiku, kwenye ncha zake na katikati yake. Watu wengi hudhani sababu ni kuwa karibu na jua, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya sababu. Utaridi, ambayo vitabu vingi vya shule huiita Zebaki, iko karibu na jua kuliko Zuhura, wala haifikii joto hilo. Mchana hupanda hadi nyuzi 430 hivi na usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri, kwa kuwa haina hewa ya kulihifadhi joto lake. Zuhura ina hewa, tena nzito mno, na karibu yote ni gesi ya kabonidayoksaidi. Mwanga wa jua unaopenya huipasha ardhi, lakini joto linalotaka kurudi angani huzuiwa na gesi hiyo, kama nyumba ya mabati iliyofungwa madirisha tangu asubuhi. Uzito wa hewa hiyo ni zaidi ya mara 90 ya hewa yetu. Ungesimama juu ya Zuhura ungebanwa kama mpiga mbizi aliyeshuka mita 900 chini ya bahari. Na yale mawingu meupe yanayotupendeza ni ya asidi ya salfuriki.

Tunayajua haya kwa vyombo vilivyofika huko. Chombo cha kwanza kutuma habari kutoka juu ya ardhi ya Zuhura kilikuwa Venera 7 cha Urusi ya Kisovieti, tarehe 15 Desemba 1970. Siku tatu tu kabla yake, tarehe 12, siku ya Jamhuri yetu, setilaiti ya utafiti wa eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, hapa kaskazini mwa Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru. Watu wengi wa pwani hii hawajui kwamba elimu ya anga imepita mlangoni mwao. Mwaka 1982 Venera 13 ilipiga picha za rangi za mawe ya Zuhura, ikastahimili dakika 127 kabla ya kuzimika.

Kwa hiyo mwambie mtoto kwamba Zuhura ni ndugu wa dunia kwa umbo, kwani upana wake ni kilomita 12,100 na wa dunia ni kama 12,750, lakini hewa ndiyo iliyowatenga. Tena inajizungusha polepole na kinyumenyume: mwaka wake ni siku 225 za kwetu, huku kujizungusha mara moja kukichukua siku 243, na mtu aliye huko, kama angeweza kuona kupitia mawingu, angeliona jua likichomoza magharibi. Na jina lake halijaharibika. Katika Kiarabu lilikotoka, asili yake ni mng'aro, na mng'aro huo hakuna mwalimu aliyeukana.

Akishaielewa Zuhura, zile nyingine hazitamshinda. Mirihi ni nyekundu kwa sababu vumbi lake lina kutu ya chuma. Ni ndogo, nusu ya upana wa dunia, ina hewa nyembamba isiyofika hata sehemu moja katika mia ya yetu, na ni baridi. Siku yake inazidi ya kwetu kwa dakika zisizofika arobaini, na mlima wake mkubwa, Olympus Mons, una urefu wa kilomita 22 hivi. Kwa kuwa iko nje ya njia yetu, Mirihi huweza kuonekana hata utosini usiku wa manane, jambo ambalo Zuhura haiwezi. Mjukuu wako asiichanganye na ile nyota nyekundu iliyo katikati ya Nge. Hiyo ni nyota halisi, na kumetameta kwake kutamwambia.

Mshtarii na Zohali ni za namna nyingine kabisa, maana hazina ardhi ya kukanyaga. Ni mabonge makubwa ya gesi, hasa haidrojeni na heliamu, na atakayeshuka ndani atakuta gesi inayozidi kuwa nzito bila kupata mahali pa kusimama. Upana wa Mshtarii ni mara 11 ya dunia, hujizungusha kwa muda usiofika saa kumi, na hulizunguka jua kwa takriban miaka 12, kwa hiyo huhama polepole, kama kundi moja la nyota kwa mwaka. Darubini ya macho mawili iliyotulizwa juu ya ukuta inatosha kuonyesha miezi yake minne mikubwa, ikiwa imejipanga kama shanga kandokando yake; leo miwili huku na miwili kule, kesho mitatu upande mmoja. Galileo aliifuatilia tangu Januari 1610 akajua kwamba si kila kitu mbinguni kinaizunguka dunia. Zohali huchukua zaidi ya miaka 29 kulizunguka jua, na pete zake, zilizofanywa kwa vipande vya barafu visivyo na idadi, ni pana kwa maelfu ya kilomita lakini nyembamba mno. Mwaka 2025 zilitugeukia ubavu, zikawa kama uzi. Pete zinahitaji darubini ya kusimamishwa, ya macho mawili haitoshi.

Uranus na Neptune wazee wetu hawakuzijua, na si kwa uzembe, kwani hazionekani vizuri bila chombo. Ya kwanza iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781 na imelala ubavu katika safari yake; ya pili ilipatikana mwaka 1846 mahali ambapo hesabu zilisema itafutwe. Pluto, ambayo sisi tulifundishwa kuwa sayari ya tisa, iliondolewa katika hesabu hiyo Agosti 2006, kwa kuwa ni ndogo kuliko mwezi wetu na njia yake imejaa vitu vingine vya namna yake. Zimebaki nane.

Utaridi nimeiacha nyuma makusudi, kwa sababu ina tahadhari yake. Huko Lamu mko karibu na ikweta, na njia ya sayari kwenu huinuka karibu wima kutoka kwenye upeo, kwa hiyo mnaweza kuiona Utaridi kwa urahisi kuliko watu wa Ulaya. Hutokea chini sana magharibi jua likishazama, au mashariki kabla halijachomoza, kwa wiki chache tu kila mara. Hatari iko hapo. Mtoto asielekeze darubini ya aina yoyote upande huo kabla jua halijazama lote, na alfajiri aiweke chini kabla jua halijatokeza. Darubini hukusanya jua ndani ya jicho, na sehemu ya nyuma ya jicho huungua bila maumivu, hivyo mtu hajui kuwa ameumia hadi baada ya saa kadhaa. Akitazama jua kwa bahati mbaya, kisha akalalamika kwamba anaona ukungu au doa jeusi katikati ya kila anachokitazama, mpelekeni siku hiyohiyo hospitali yenye daktari wa macho. Msimtie asali wala dawa ya matone ya jirani.

Na wewe pia, mzee wangu, nakuomba jambo moja. Usiku ukiitazama Zuhura, funga jicho moja kisha lingine. Ukiiona imekuwa mbili kwa jicho moja tu, au ina miale mirefu na duara la mwanga ambalo mtoto halioni, hilo haliko mbinguni. Huenda ni mtoto wa jicho, na hutibika kwa upasuaji mfupi. Mwone daktari ana kwa ana, kwa kuwa jambo hilo halipimwi kwa barua.

Kisha mnunulie mjukuu daftari lisilo na mistari. Zuhura ikiwa ya jioni, kila Ijumaa jua likishazama, akae mahali pamoja juu ya nyumba, achore upeo wa Lamu jinsi anavyouona, minazi na minara, na aweke nukta pale Zuhura ilipo saa hiyohiyo. Itapanda, itasimama, itaanza kushuka. Wiki zile za mwisho, inaposhuka kwa kasi, aegemeze darubini ya macho mawili ukutani wakati mbingu bado ina weupe kidogo, naye ataiona ile pembe aliyoiona yule kijana wa Malindi. Aichore hivyohivyo, aandike tarehe, na amwonyeshe mwalimu wake.